Cheti cha Siku 90

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 2022, saa mbili kasoro robo asubuhi, simu iliniamsha nikiwa Dar es Salaam. Alikuwa shangazi, anapiga kutoka Tanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, na kabla sijauliza habari za nyumbani akasema, "Mwanangu, pesa za watu zimeibiwa?"

Shangazi ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama 38. Kila Jumamosi saa nne wanakutana barazani kwa mmoja wao, wananunua hisa, wanakopeshana, wanarejesha. Pesa zinakaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wanaokaa mitaa tofauti, na shangazi, anayelala na sanduku chini ya kitanda, hana hata ufunguo mmoja. Mwanzoni mwa mwaka ule niliwatengenezea tovuti ndogo. Mwanachama anaingiza namba yake ya simu na neno la siri, anaona hisa zake, mkopo wake na marejesho yaliyobaki. Hakuna senti inayopita humo. Ni daftari tu. Ila daftari la pesa, kwa mwenye pesa zake, ni pesa.

Asubuhi ile, kila aliyefungua tovuti alikutana na ukurasa wa onyo: mawasiliano haya si salama, huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zako. Wa kwanza kuliona alipiga picha ya skrini akaitupia kwenye kundi lao la WhatsApp. Nusu saa baadaye "huenda kuna watu wanajaribu kuiba" ilikuwa imeshakuwa "wameiba". Ilipofika saa moja na nusu watu walikuwa wameanza kutaja majina, na la kwanza lilikuwa la mweka hazina, likifuatwa na la mtoto wa kaka yake anayejua kompyuta.

Nilifungua kompyuta nikaona kilichotokea. "Hakuna kilichoibiwa, shangazi," nilimwambia. "Ni cheti tu kimeisha muda wake."

"Cheti cha nani?"

Sikuwa na jibu la kumtosha asubuhi ile. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na katika kulitafuta nimejikuta nikisoma historia ambayo sikuwahi kuijali, ingawa nilikuwa nikila mkate wake kila siku.

*

Anayetaka kuzungumza kwa usalama kwenye mtandao anahitaji mambo mawili. La kwanza ni maneno yake yafichwe, ili mwenye Wi-Fi ya hoteli au mtu mwingine yeyote aliye njiani asiweze kuyasoma wala kuyabadili. Hilo linafanywa na hesabu. La pili ni kujua aliye upande wa pili ni nani. Bila la pili, la kwanza halina maana, kwani utakuwa umemnong'oneza siri yako, kwa uangalifu mkubwa, mtu ambaye ni mwizi.

Hapo ndipo cheti kinapoingia. Aliyewahi kufungua akaunti ya benki bila kitambulisho cha kutosha anajua safari ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Benki haikujui wewe. Inaujua muhuri wa mtaa, na mwenye muhuri anakujua. Cheti cha tovuti ni barua ya aina hiyo. Seva ina funguo mbili zilizozaliwa pamoja: wa siri, ambao hautoki kamwe, na wa wazi, ambao unapewa kila mtu. Cheti kinasema kwamba ufunguo huu wa wazi ni wa tovuti yenye jina hili, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile, na chini kuna sahihi ya shahidi. Kivinjari chako, au simu yenyewe, huja kutoka kiwandani na orodha ya mashahidi inaowaamini. Sahihi ikiwa ya mmoja wao, na tarehe haijapita, unaruhusiwa kuingia bila kelele.

Utaratibu huu ulifika kwa watu wa kawaida mwaka 1995, ndani ya kampuni moja ya California iliyoitwa Netscape. Kampuni ilitaka watu wanunue vitu mtandaoni, na hakuna ambaye angeandika namba ya kadi yake ya benki mahali ambapo kila mtu angeweza kuisoma. Mwanasayansi wake mkuu, Taher Elgamal, mzaliwa wa Misri, ndiye aliyesukuma kazi ya itifaki ya SSL, mama wa TLS tunayoitumia leo, ile inayoongeza herufi S mwishoni mwa HTTP. Toleo la pili, la kwanza kutolewa hadharani, lilitoka mwaka huo. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, katika kampuni hiyohiyo, Brendan Eich aliandika kwa siku kumi lugha ya kuzipa kurasa uhai kidogo. Lugha hiyo ndiyo JavaScript. Kwa hiyo vitu viwili vilivyokuja kuniumbua mbele ya kina mama wa Tanga ni ndugu wa nyumba moja, wanaokaribiana umri.

Mashahidi nao walianza kujipanga. Mwaka 1995 ilianzishwa VeriSign, Marekani. Na mwaka huo pia, huku Afrika, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town aitwaye Mark Shuttleworth alianzisha kampuni ya kutoa vyeti, akaiita Thawte. Biashara yake ilikuwa kuthibitisha watu na kutia sahihi. Desemba 1999 VeriSign ilitangaza kuinunua Thawte kwa takriban dola milioni 575. Kwa pesa hizo Shuttleworth alijilipia safari ya anga za juu mwezi Aprili 2002 akawa Mwafrika wa kwanza kufika huko, kisha mwaka 2004 akaanzisha mfumo wa kompyuta wa bure aliouita Ubuntu, neno ambalo sisi Waswahili tunalisikia vizuri kwa sababu ni utu. Seva ya kikoba cha shangazi inaendeshwa na Ubuntu. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu. Utajiri uliotokana na kuuza vyeti ndio uliogharimia mfumo ambao ndani yake nilisahau kutunza cheti.

*

Kwa miaka ishirini sahihi ile iliuzwa. Kazi yangu ya kwanza, mwaka 2013, ilikuwa katika ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti, na mteja mmoja alihitaji cheti. Vyeti vya makampuni makubwa vilikuwa mamia ya dola kwa mwaka. Cha bei ya chini nilichokipata kilikuwa kama dola kumi, lakini kulipa dola kumi mtandaoni kulihitaji kadi, na mwenye kadi ofisini alikuwa mkurugenzi peke yake. Nilimsubiri arudi safari. Kisha nikaandika amri ndefu nisizozielewa kutengeneza ombi, nikalibandika kwenye fomu, nikasubiri barua pepe, nikabofya kiungo, nikapakua faili tatu, nikazipanga vibaya, tovuti ikagoma. Ilinichukua siku mbili. Mwaka uliofuata ingenibidi nirudie, na kwa kuwa ni mara moja kwa mwaka, ningekuwa nimesahau kila kitu.

Ndiyo maana tovuti nyingi ziliacha. Benki zilikuwa na vyeti, maduka yalikuwa navyo, na mara nyingi kwenye ukurasa wa malipo tu. Magazeti, vyuo na hata mitandao ya kijamii ilizungumza hadharani. Gharama ya kuzungumza hadharani ilionekana Oktoba 2010, pale Eric Butler alipotoa programu-jalizi ya Firefox iitwayo Firesheep. Ukiwa umekaa kwenye Wi-Fi isiyo na nywila, ilikuorodheshea watu wengine waliomo na akaunti zao; ukibofya jina, umeingia kama yeye. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Rafiki yangu mmoja wa bwenini aliiwasha jioni moja, na kwa dakika kumi tulikuwa na uwezo wa kusoma ujumbe wa nusu ya jengo. Tuliizima kwa aibu. Sijui wangapi hawakuizima.

Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hata shahidi anaweza kuanguka. Kampuni ya vyeti ya Uholanzi, DigiNotar, ilivamiwa na wadukuzi, wakajitilia sahihi vyeti vya uongo, kikiwemo kimoja cha Google, ambacho kilitumika kuwasikiliza maelfu kwa maelfu ya watu nchini Iran. Vivinjari viliifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na Septemba 2011 ikafilisika. Halafu Juni 2013 zikaja nyaraka za Edward Snowden, na dunia ikajua ni kwa kiasi gani mashirika ya kijasusi yalikuwa yakikusanya mawasiliano ya watu.

Wakati huo kulikuwa na makundi mawili Marekani yenye wazo moja bila kujuana vizuri. Katika shirika la EFF alikuwapo Peter Eckersley, Mwaustralia, akishirikiana na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wao walikuwa wakibuni namna mashine inavyoweza kuomba na kupewa cheti bila mtu kushika kitu. Mozilla, shirika lililozaliwa kutokana na mabaki ya Netscape, walikuwapo Josh Aas na Eric Rescorla, wakifikiria shahidi asiyetoza pesa. Mwaka 2013 makundi yaliungana. Tarehe 18 Novemba 2014 walitangaza jina: Let's Encrypt. Cheti cha kwanza kilitoka Septemba 14, 2015, na Desemba 3 mwaka huo mlango ulifunguliwa kwa kila mtu.

Kulikuwa na tatizo la mgeni. Shahidi mpya hayumo kwenye orodha za simu na kompyuta zilizoshauzwa, na kuingizwa humo huchukua miaka. Walilitatua kama mwenyekiti mpya wa mtaa ambaye muhuri wake haujazoeleka: mzee wa zamani anatia sahihi kando yake. Mzee huyo alikuwa IdenTrust, shahidi wa siku nyingi. Lakini cheti cha mzee mwenyewe kilikuwa na mwisho, Septemba 30, 2021, na mwishoni mwa mwaka 2020 Let's Encrypt walionya kwamba theluthi moja ya simu za Android zilizokuwa zikitumika duniani zilikuwa za matoleo ya zamani mno, zisizomjua shahidi huyo mpya, bali yule mzee. Simu hizo ziko wapi? Ziko kwetu. Ziko mikononi mwa wanachama wa kikoba cha shangazi, zilizorithiwa kutoka kwa watoto waliopata mpya. Wakatafuta njia. Android za zamani hazikuwa zikiangalia tarehe ya mwisho ya shahidi mkuu, hivyo mzee akatia sahihi tena, ya miaka mitatu zaidi, na simu zikaendelea. Nilipowawekea kina mama tovuti mwaka 2022, simu zao zilifungua bila tatizo kwa sababu ya hila hiyo. Sikuijua hila yenyewe wala sikuwa nimewashukuru waliyoibuni.

*

Namna mashine inavyoomba cheti ni rahisi kueleza. Tuseme umedai kwamba nyumba fulani ni yako. Mkaguzi hakuombi hati. Anakupa kanga yenye maandishi ambayo hakuna mwingine anayo, anakwambia, "Kama nyumba ni yako, itundike mlangoni, nitapita kuangalia." Akipita akaiona, anatia sahihi. Kwa tovuti, kanga ni faili dogo lenye maneno ya nasibu, linalowekwa katika njia maalumu ya tovuti hiyo, nalo husomwa kupitia poti namba 80. Tangu Februari 2020 Let's Encrypt wanapita kuangalia kutoka sehemu kadhaa za dunia, ili mwizi anayeweza kupotosha barabara moja asiweze kuwadanganya wote. Utaratibu huu unaitwa ACME, na Machi 2019 ulichapishwa kuwa kanuni ya intaneti, namba RFC 8555. Yote yanakwisha kwa sekunde chache. Siku zangu mbili za mwaka 2013, na kadi ya mkurugenzi, zimeingia katika sekunde hizo.

Sahihi ile ina uhai wa siku 90 tu, wakati vyeti vya kununua vilikuwa vya mwaka au zaidi. Wengi, nikiwemo mimi, tulidhani ni ubahili. Waanzilishi walitoa sababu mbili. Ya kwanza, ufunguo ukiibiwa au cheti kikitolewa kimakosa, madhara yana mwisho wa karibu. Ya pili, muda mfupi unamlazimisha mwenye seva aiachie mashine kazi. Mtu anaweza kujidanganya kwamba atakumbuka kitu cha mara moja kwa mwaka. Cha kila miezi mitatu hawezi.

Ilifanya kazi. Mwanzoni mwa 2017, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya kurasa zilizofunguliwa kwa Firefox zilikuwa za HTTPS. Julai 2018 Chrome ilianza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti isiyo na cheti. Februari 2020 Let's Encrypt walitoa cheti cha bilioni moja.

*

JavaScript nayo ilikuwa imetoka nyumbani. Kwa miaka mingi iliishi ndani ya kivinjari tu, hadi Novemba 2009, Berlin, Ryan Dahl alipoonyesha Node.js, programu iliyowezesha lugha ile kuwa seva yenyewe. Kwa kijana wa kizazi changu ilikuwa neema. Lugha moja ungeitumia pande zote mbili, na mistari isiyofika ishirini ingetosha kuwa na seva inayozungumza HTTPS. Ndugu wawili wa Netscape walikutana tena ndani ya faili moja.

Faili langu niliandika Jumamosi, Machi 12, 2022. Nilikodi seva ndogo, nikaweka certbot, programu inayozungumza na Let's Encrypt. Seva yangu ya Node ilisikiliza poti 80 kwa ajili ya kanga, na poti 443 kwa ajili ya wageni. Nilifanya na mambo ya busara. Nilijaribu kwanza kwenye mazingira ya majaribio, maana ukiomba cheti kilekile zaidi ya mara tano kwa wiki unazuiwa. Sikuiendesha Node kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo ili tu iweze kusoma ufunguo wa siri. Niliipa ruhusa ya kusoma na si zaidi. Nilijisifu kwamba hata sanduku langu lina funguo kwa watu tofauti. Certbot huamka mara mbili kwa siku, na cheti kikibakiwa na chini ya siku 30, hutafuta kipya. Nikafunga kompyuta nikiamini kazi imekwisha.

Certbot ilitimiza ahadi. Nilisoma kumbukumbu zake baadaye: mwezi Mei, kama ilivyopangwa, iliomba cheti kipya, kanga ikatundikwa, mkaguzi akapita, sahihi ikatoka, faili jipya likawekwa mahali pa la zamani. Lakini msimbo wangu ulikuwa unasoma faili la cheti mara moja tu, seva inapowaka. Baada ya hapo Node inabaki na nakala yake kwenye kumbukumbu na hairudi tena kabatini. Kwa mwezi mzima cheti kipya kilikaa kwenye diski, kizima, halali, hakijasomwa na mtu, huku seva ikiwaonyesha wageni cha zamani. Na kwa kuwa cheti kilikuwa kimeshahuishwa, Let's Encrypt, ambao siku hizo walituma barua pepe ya kukumbusha, hawakuwa na sababu ya kunikumbusha. Kwa upande wao kila kitu kilikuwa sawa.

Lililonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nikijivunia seva ile kwa kutozimika hata mara moja tangu niiwashe. Ningeiweka nyumbani Tanga badala ya kuikodi, umeme ungekatika, ingewaka upya, ingesoma cheti kipya, na shangazi asingepiga simu.

*

Asubuhi ile, kabla sijagundua hayo yote, nilifanya kosa la pili. Nilikuwa natafuta namna ya kununua muda. Nikamwambia shangazi, "Waambie kwenye ukurasa ule chini kuna sehemu imeandikwa kuendelea. Wabonyeze tu, hakuna shida."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Onyo linasema kuna wezi, na mimi mweka hazina niwaambie watu waendelee? Siku wezi wakija kweli, nitawaambia nini?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kusikia somo la usalama lililo fupi kama hilo. Watu wametumia miaka ishirini na pesa nyingi kuwafundisha wanadamu waogope ukurasa ule. Mimi nilikuwa tayari kulivunja fundisho hilo kwa watu 38 ili nisionekane mjinga kwa nusu saa.

Niliiwasha seva upya. Ilichukua sekunde nne. Nikamwambia afungue, ikafunguka, akashukuru kwa sauti iliyokuwa mbali. Tovuti ilikuwa imepona. Yeye alikuwa bado ana mkutano saa nne.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe mwezi uliofuata, nilipokwenda Tanga kwa Idi Kubwa. Alifika na sanduku, akalitua katikati ya mkeka, akakataa kujibu swali lolote kabla halijafunguliwa. Wenye funguo watatu wakafungua. Akaomba pesa zihesabiwe na wale waliokuwa wamemtaja kwenye WhatsApp. Kisha kila mwanachama akasomewa kitabu chake kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na tovuti ikafunguliwa kando kulinganisha. Walimaliza alasiri. Hesabu ilikuwa sawa hadi shilingi. Hata hivyo Desemba, wakati wa mgao, mwanachama mmoja alichukua zake na hakurudi. Hakusema sababu, na shangazi hakuuliza.

Siku ile ya Idi ndipo nilipojaribu kumweleza cheti ni cha nani. Nilitumia barua ya serikali ya mtaa. Alinielewa mapema kuliko nilivyotarajia, akauliza kwa nini barua yenyewe ni ya miezi mitatu tu. Nikampa sababu za waanzilishi. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa analolijua.

"Sisi sanduku tunalifungua kila Jumamosi," alisema. "Si kwamba mimi ni mwizi. Nikikwambia hesabu ilikuwa sawa mwaka jana, itakusaidia nini leo?" Akaendelea kumenya vitunguu, kisha akainua kichwa. "Sasa hiyo mashine yako inayohuisha, yenyewe inafunguliwa na nani mbele ya watu?"

Nilikuwa nimekwisha kutengeneza msimbo. Certbot ikipata cheti kipya sasa inaiamsha Node, na Node, kwa amri ya setSecureContext iliyokuwepo tangu toleo la 11, inabadili cheti bila kuzimika. Lakini swali lake lilikuwa juu ya kitu kingine. Hakuna aliyekuwa akisimama barabarani, kama mgeni, kuangalia mlango unaonyesha nini. Mimi nilikuwa nakagua kabati. Usiku ule, barazani kwake, niliandika programu ya pili, fupi, inayokaa kwenye kompyuta nyingine. Kila siku inagonga mlango wa tovuti kama mtu baki, inasoma tarehe ya cheti kinachoonyeshwa, na zikibaki siku chache inanipigia kelele.

*

Peter Eckersley alifariki San Francisco tarehe 2 Septemba 2022, akiwa na miaka 43. Niliisoma habari hiyo ofisini, nikabaki nimekaa. Mtu ambaye sikuwahi kumjua alikuwa ameniondolea kadi ya mkurugenzi.

Mambo yameendelea kubadilika. Septemba 2023 Chrome iliondoa ile alama ya kufuli kando ya anwani, kwa sababu watu walidhani inamaanisha tovuti ni ya mwaminifu. Cheti hakisemi hivyo, na hakijawahi kusema hivyo. Kinasema unazungumza na mwenye jina hilo, na tapeli naye ana jina. Juni 2025 Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Na Aprili mwaka huo baraza la watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipitisha kwamba uhai wa cheti chochote utapunguzwa hatua kwa hatua, hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Wanaolalamika ni wengi. Mimi nikisikia siku 47 naona bado ni mara sita au saba ya muda wa sanduku la Tanga.

Programu ile ya pili niliiongezea kitu kimoja. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi inamtumia shangazi ujumbe mfupi: cheti kimebakiza siku 58, cheti kimebakiza siku 51. Baada ya pesa kuhesabiwa anausoma kwa sauti na katibu anauandika kwenye daftari, chini ya salio. Sina hakika wanachama wote wanajua ni nini. Wanajua ni kitu kinachohesabiwa.

Jumamosi moja mwaka jana salio langu la kutumia ujumbe lilikwisha bila mimi kujua. Cheti kilikuwa kizima, tovuti nzima, kila kitu kizima. Saa tatu na dakika tano simu iliita.

"Mwanangu," alisema shangazi baada ya marahaba, "leo hujafungua sanduku lako."